Jina la Mtoto Aliyetolewa Shimoni

Kaeni chini. Na wewe unayetafuna, meza kwanza au tema, maana hii haisikilizwi na kitu mdomoni. Nimeisimulia minadani, nimeisimulia harusini, nimeisimulia msibani mpaka marehemu akasubiri kidogo. Kila nilipoimaliza watu waligombana. Kuna kijiji kimoja mpaka leo wanachota maji kwa makundi matatu, kila kundi na siku yake, kwa sababu yangu mimi. Ukiisikia kwa mtu mwingine ujue ameniibia, na pale katikati atakosea.

Nasema mapema: siku yenyewe mimi sikuwepo, nilikuwa safarini. Ningekuwepo ningemtoa yule mtoto kwa mkono mmoja, kikombe cha chai kiko mkono wa pili, na leo msingekuwa na cha kusikiliza. Nilifika siku ya tatu, harufu ikiwa bado mbichi, nikakaa nao wote, nikawasikia kwa masikio haya. Kwa hiyo msinikatize.

Huko upande wa Unyamwezi, kwenye mashamba ya tumbaku, kuna kijiji ambacho sikitaji jina, maana nikilitamka napata kichefuchefu. Kijiji hicho kilikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Luhende, mchimba visima. Mikono yake, bwana wee, sijaona tena. Analala kifudifudi ukingoni mwa shimo, anashika kamba kwa mikono mitupu, haegemei kitu, na anapandisha ndoo ya udongo bila kamba kugusa ukingo hata mara moja. Aliwahi kumtoa ng'ombe hivyo. Ng'ombe mwenye mimba. Lakini mikono hiyo ilikuwa na amri juu yake. Miaka minne nyuma kisima kilimfukia mwenzake, jina lake Nsabi. Luhende alikuwa juu ameshika kamba, akavuta, ikaja kamba tupu. Kosa hakuwa nalo, na kila mtu alijua hana. Lakini ukoo wa Nsabi ulidai, kijiji kikakaa, ikaandikwa kwenye kitabu cha mwenyekiti: Luhende asishike tena kamba juu ya shimo lolote mpaka ukoo wa Nsabi wenyewe useme basi. Akishika, anaondoka kijijini wiki hiyo hiyo na sufuria yake na mkeka wake, na harudi. Luhende aliiheshimu amri hiyo kuliko watu wanavyoheshimu dini. Maji alichotewa na mke wake. Mbuzi wake mwenyewe alitumbukia kwenye shimo la matofali, Luhende akakaa pembeni anamsikiliza mpaka mbuzi akanyamaza.

Wa pili ni Kalunde. Mwanamke mwembamba huyo, akisimama nyuma ya mpini wa jembe unaona mpini tu. Mahindi yakigandamana ndani ya kihenge walimwita yeye: anapita kwenye kidirisha cha kuchotea, anayachokonoa, anatoka vilevile alivyoingia. Kwake amri haikuwepo. Mume mpole, mama mkwe alishakufa, hakuna wa kumwambia usiende huku wala kule. Lakini alikuwa na kinyaa. Si kinyaa hiki chenu cha kukunja pua. Mtu akipenga kamasi nyumba ya tatu, Kalunde anatapika uji wa asubuhi. Harusini alikwenda na kikombe chake mwenyewe kwenye kitambaa. Kiazi anakiosha mara saba, anakimenya, anakiosha tena, anakipika, halafu hali.

Wa tatu ni Msabila. Homa ya utotoni ilimuua pua na ulimi. Harufu hasikii, ladha haijui. Mbwa akifia uvunguni, anaitwa Msabila. Panya akiozea darini, Msabila huyo anapanda. Siku moja vijana walimwekea samaki aliyeoza ili wamcheke, samaki anatembea sahani nzima kwa funza, jamaa akala, akauliza kama mchuzi umebaki. Hana amri juu yake, hana kinyaa ndani yake. Alichokuwa nacho ni tumbo kubwa kama madebe mawili.

Sasa sikilizeni uchafu.

Mwenyekiti wa kijiji, Kapela, alikuwa na harusi ya binti yake. Kijiji kizima kiko uani kwake. Nyuma ya nyumba kuna choo chake cha shimo, kirefu, ukidondosha jiwe unakwenda kumsalimia jirani, unarudi, ndipo unasikia limetua. Juu yake magogo yamepakwa udongo, na hayo magogo mchwa ameyala mpaka yamekuwa kama mkate. Aliambiwa. Fundi alimwambia, mke wake alimwambia, na wiki ile ya harusi akaambiwa tena. Akajibu, "Mtu akienda chooni si anachuchumaa? Anaruka ruka?" Mtu ana bati jipya, ana kochi la kuzama, halafu wageni mia mbili anawaning'iniza juu ya mavi kwa magogo ya mchwa. Ptuu!

Saa nne asubuhi, mtoto mmoja anayeitwa Sijaona, hajafikisha miaka mitatu, alikimbiza kifaranga mpaka humo chooni. Gogo moja likakatika. Kifaranga kikatoka. Mtoto hakutoka.

Mtoto huyo mama yake alishafariki, alikuwa analelewa na bibi yake, Nyamizi. Bibi alikuwa anapepeta mchele wa harusi. Akasikia mtoto analia, na sauti inatoka chini ya ardhi. Akauacha ungo hewani.

Watu wakajaa. Na hapa huwa natema mate, mnisamehe wenye mikeka yenu. Watu mia mbili! Wanaume wenye mashati ya pasi! Wote wamefunika pua kwa leso na khanga, wanapiga kelele, "Jamani, fanyeni kitu!" Nani afanye? Kila mmoja anamwambia mwenzake. Mmoja akawasha tochi ya simu, akamulika chini, akaona, akageuka akatapikia miguu ya bwana harusi. Kule chini lile gogo lililokatika lilikuwa limelala juu ya uchafu, mtoto kalikumbatia, amezama mpaka kwapani, na funza wanampanda shingoni.

Wa kwanza kufika ukingoni alikuwa Msabila. Hakuuliza kitu. Alivua shati, akaingiza miguu kwenye tundu, akashuka mpaka tumboni. Hapo akakwama. Akajisukuma. Magogo yakalia kwaa! Udongo ukamwagikia mtoto kichwani.

"Toka!" Nyamizi akapiga ukelele. "Toka wewe, utamzika!"

Wakamvuta Msabila kama muhogo. Akakaa pembeni, tumbo limechubuka, anasema, "Mtafuteni mwembamba. Mkiondoa gogo hata moja, yote yanamwangukia."

Mpumbavu mmoja akasema, "Tumshushe mtoto mwingine basi, mwepesi."

"Mmoja anatosha," Nyamizi akasema. "Wa pili hashuki."

Macho yote yakaenda kwa Kalunde. Kalunde alikuwa nyuma kabisa, karibu na ua, ameshainama, anatapika. Kwa harufu tu hiyo, hajakaribia.

Na kamba ilikuwepo, ya ng'ombe, ngumu, mpya. Lakini wa kuishika? Ukingo ule hauwezi kubeba watu wawili. Kamba ikigusa magogo, yanakwenda. Wakaung'oa mlango wa mwenyekiti, wakaulaza juu ya choo, kando ya tundu, ili mtu mmoja alale hapo. Mnajua mwenyekiti alisema nini? Mtoto analia shimoni, yeye anasema, "Taratibu na mlango wangu! Mninga huo!"

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kulala pale akashika kamba kwa mikono mitupu. Luhende alikuwa amesimama hatua kumi, mikono ameificha kwapani.

"Mwenyekiti," Luhende akasema, "iondoe ile amri."

"Siwezi peke yangu, Luhende. Unajua taratibu. Lazima kikao kikae, na ukoo wa Nsabi uwepo."

"Wako wapi?"

"Wamekwenda mnadani na ng'ombe wao. Jioni watarudi."

"Jioni!"

"Mimi sikuitunga peke yangu. Imeandikwa. Na akidi haijatimia."

Akidi! Watu mia mbili uani, wote wamekuja kula, halafu akidi haijatimia. Mimi sikusoma, darasani nilipita nje tu nikichunga mbuzi, lakini nasema hivi: kama hilo ndilo linalofundishwa humo ndani, mbuzi wangu walinifundisha vizuri zaidi.

Nyamizi akamgeukia Luhende. Hakupiga magoti. Alimwambia tu, "Sikuombi, mwanangu. Nakuambia tu kwamba sauti imepungua."

Kweli ilikuwa imepungua. Mtoto alikuwa anafanya kama paka.

Kalunde akaja mpaka kwenye mlango ule. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemzuia, wote wanampungia mikono aende. Akaweka mguu mmoja. Harufu ikampiga, akarudi mbio mpaka uani, akatapika nyongo. Akaja tena. Akarudi tena. Watu wakaanza, si mnawajua watu:

"Mwone anavyojidai! Malkia wa sabuni!"

"Mtoto anakufa, yeye anaona kinyaa!"

Waliosema hivyo, pua wamezifunika, na wako mita ishirini.

"Bibi," Kalunde akamwambia Nyamizi, machozi na mate vinachanganyika, "mimi nataka. Naapa nataka. Tumbo ndilo linakataa. Miguu inakataa."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi katika kutembea kwangu kote, na nimetembea mpaka viatu vinaniogopa, sijaliona. Akainua mikono juu. Akasema, "Nifungeni kamba. Mnifunge fundo nisiloweza kulifungua. Na atakayeishika asikilize: hata nikilia, hata nikisema nirudishe, asinirudishe. Asiniulize tena. Mimi nimeshasema sasa hivi, na hili ndilo neno langu. Mengine nitakayosema huko chini ni ya tumbo."



Luhende akatoa mikono kwapani. Akaitazama. Akamwambia mwenyekiti, "Chukua kitabu chako, uandike saa." Akalala kifudifudi juu ya mlango wa mninga, akajizungushia kamba kiwikoni, akamwambia Kalunde, "Dada, mimi nina masikio mazito. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Akamshusha.

Wachimba visima wana utaratibu wao. Wa juu anauliza, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Basi, hakuna maneno mengine. Luhende miaka minne alikuwa hajauliza swali hilo, na mara ya mwisho alipouliza hakujibiwa.

"Upo?"

"Nipo... kaka, nirudishe."

Hakurudisha. Akaachia kamba kidogo kidogo. Ukuta wa shimo ulikuwa unateleza, una jasho, mende wamejaa kama nyota, wanamwingia nywelani.

"Upo?"

"Nirudishe! Nirudishe, nakufa!"

Watu juu wakasema, "Mrudishe jamani, huyo mwanamke atakufa!" Wale wale waliomzomea! Luhende hakugeuza hata kichwa. Jasho lake lilikuwa linadondoka shimoni kama mvua.

Mara ya tatu hakusema neno, alipiga ukelele tu, ukelele ambao ng'ombe walikata kamba kijiji cha pili. Miguu yake ilikuwa imegusa. Ikaingia mpaka magotini, mpaka kiunoni. Uji wa moto. Na palepale gogo likajigeuza, mtoto akazama mwili wote. Kalunde akabaki anatazama mapovu.

Hapo kamba ilikuwa haimvuti chini wala juu. Kwenda chini zaidi, Luhende hawezi kumsaidia. Akainama mwenyewe. Mkono ukaingia mpaka begani, shavu likalala juu ya mavi, mdomo ameufunga lakini si mnajua mdomo haufungiki sawasawa. Akapapasa. Akashika nywele.

"Ninaye!"

Luhende akavuta. Watu wawili, kamba moja, mikono miwili, na kamba haikugusa gogo. Hata mara moja haikugusa! Alipomaliza, ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye kamba.

Wakamlaza mtoto chini. Na mtoto alikuwa mweusi, hapumui. Mdomo umejaa, pua zimejaa, hata masikio. Sasa nisikilizeni vizuri: wote, watu mia mbili, walirudi nyuma hatua mbili. Wote kwa pamoja, kama wamepigiwa filimbi. Kalunde ameanguka kando anatapika visivyokuwepo. Luhende mikono imekufa, hainyanyuki.

Msabila akajisogeza kwa magoti. Akamshika mtoto kichwa, akaweka mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akanyonya. Akatema. Akanyonya. Akatema. Mimi nasimulia hapa huku nashika tumbo, na mimi si mtu wa kushika tumbo ovyo. Mara ya tano likatoka donge, ndani yake funza watatu wazima. Akapuliza. Akanyonya tena. Mara ya saba mtoto akakohoa, akajinyea, akalia kilio kilichopasua masikio.

Vigelegele! Ngoma! Wakaja mbio kukumbatia... nani? Hakuna. Walipofika karibu, wakakumbuka pua zao. Waliwamwagia maji kwa mbali, kwa ndoo, kama wanazima moto. Halafu wakaenda kula pilau. Walikula! Nawaambia walikula, na walisema nyama ilikuwa laini.

Basi. Mtoto alipona. Lakini kwa watu wale kuna desturi. Mtu akifukiwa au akizama, halafu akarudi akiwa hai, jina lake la zamani limebaki huko. Haliitwi tena. Siku ya saba ananyolewa, bibi yake anasimama naye mlangoni jua linapochomoza, na anamwita kwa sauti jina la mtu aliyemrudisha. Jina moja, mtu mmoja, na halibadilishwi. La mwanamume au la mwanamke, haidhuru, majina yao hayana sketi wala suruali. Na asipoitwa siku hiyo, hataitwa tena, atabaki "wewe" mpaka kuzeeka.

Sasa mtoto ni mmoja, na waliomrudisha ni watatu.

Kumbe mwenyekiti Kapela, yule aliyekosa akidi ya mtoto, kesho yake asubuhi alipata akidi. Saa moja kamili! Ukoo wa Nsabi upo, wazee wapo, kitabu kipo. Wakaamua Luhende aondoke kabla ya wiki kuisha. Niliwaona kwa macho yangu siku ile ya tatu, wamekaa kwenye kochi, wanachokoa meno. Nikawaambia mbele yao, "Ninyi mnanuka kuliko shimo." Wakatetemeka wote. Lakini hawakubadilisha neno. Kitu kimoja tu kingemzuia Luhende kufukuzwa: kwa desturi yao, mtu ambaye jina lake linaitwa kwa mtoto ndani ya kijiji hafukuzwi. Utamfukuzaje, na kila asubuhi anaitwa aje kunywa uji?

Kwa hiyo Luhende alikwenda kwa Nyamizi, viganja vimefungwa vitambaa. "Bibi, mimi sina la kuficha. Nalihitaji hilo jina. Bila hilo, mke wangu ameshafunga mizigo. Nilijua nitakachopoteza, nikashika kamba. Wengine nani aliyepoteza nyumba?"

Kalunde alikuwa amekaa kizingitini, hataki kuingia ndani asije akachafua. Ngozi ya mikono imechunika kwa kusuguliwa na sabuni. Siku tatu alikuwa hajala. Na wale majirani, sikieni, wale aliokuwa anawaingilia vihenge vyao, walishamwambia asiguse tena mahindi yao.

"Kaka Luhende," akasema, "wewe nyumba umenyang'anywa na watu. Mbele yao unaweza kulia, unaweza kuwatukana, unaweza kuhama ukawaacha. Mimi aliyeninyang'anya ni tumbo langu mwenyewe. Nikihama, si nalibeba?"

"Lakini uliomba nikurudishe, dada. Mara mbili. Ningekusikiliza, ungekuja juu mikono mitupu. Aliyeamua ushuke ni mkono wangu."

"Na nani aliuambia mkono wako usinisikilize? Si mimi? Na pale mwisho nilipoinama, kamba yako ilikuwa inafanya nini? Ilinisukuma shingo?"

Luhende akakaza kitambaa cha kiganja kwa meno.

Msabila alikuwa ameegemea ukuta, anakula karanga. Tangu siku ile walimpachika jina baya, siwezi kulisema mbele ya watoto, lakini lilianza na "mla". Watu wazima walimwita hivyo wakicheka, na wake zao walifunika vyombo akipita.

"Mmemaliza?" akasema. "Ninyi wawili mlivyokuwa mnajipima pale, huyu anatazama kitabu, huyu anatazama tumbo lake, mtoto alikuwa anazama. Mimi nilifika wa kwanza. Ningekuwa mwembamba, msingekuwepo hapa. Na mwisho mlileta maiti, nyie! Aliyeleta mtoto ni mimi."

"Wewe kwako mavi na asali ni kitu kimoja!" Kalunde akamjia juu. "Ulishinda nini? Hukuzuiwa na kitu!"

"Sasa kwa kuwa sikuumia ndiyo sikufanya? Mwingine akianguka kesho nikae kwanza nitafute cha kuniuma?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema hivyohivyo. Mnataka mtoto aitwe jina la mtu aliyesitasita, kwa sababu alisitasita kwa uchungu sana. Mimi sikusitasita, basi niendelee kuitwa hilo jina la mavi."

Nyamizi alikuwa amempakata mtoto, anamchana funza wa mwisho kwenye nywele. Akasema polepole, "Nyote mnaongea na mimi kama hakimu. Mwenyekiti naye ametuma mtu jana. Anasema nikiita jina la Luhende nitakuwa nimevunja amri ya kijiji, na shamba langu la mpunga linapakana na lake, nijifikirie." Akamgeuza mtoto kichwa upande wa pili. "Hilo ningelimeza. Lakini kuna lingine. Siku ile mtoto alipolazwa chini, watu walirudi nyuma hatua mbili. Mimi nilirudi hatua moja. Mimi, bibi yake. Hakuna aliyenisukuma. Mguu ulikwenda wenyewe. Sasa mtu kama mimi ndiye wa kupima nani alijishinda na nani hakujishinda?"

Msabila aliacha kutafuna.

Siku ya saba nilikuwepo. Nilisimama mbele ya wote, hata kuku walinipisha. Mtoto amenyolewa, kichwa kinang'aa. Kwa upande mmoja mke wa Luhende amesimama na mkeka kichwani, na sufuria. Kalunde yuko kizingitini, amekonda mpaka upepo unamzunguka. Msabila amejitenga, na nyuma yake kuna watu wanaziba pua na kucheka. Mwenyekiti Kapela ameketi kwenye kiti alichobebewa, anatazama kule kwenye shamba la mpunga.

Nyamizi akatoka mlangoni na mtoto. Jua likaanza kutoa kichwa. Bibi akafungua mdomo.

Alilolisema nalijua. Siwaambii, hata mkinipa ng'ombe kumi. Nikiwaambia mtatikisa vichwa mkaenda kulala, mkidhani mmeamua.

Na asiniletee mtu habari za kuunganisha majina matatu, wala za kumwita mtoto jina la babu aliyekufa. Jina ni moja na mtu ni mmoja. Kuna aliyefungwa na watu akakata kamba yao. Kuna aliyefungwa na nafsi yake akaomba afungwe zaidi. Na kuna ambaye hakufungwa na kitu, akafanya. Mmojawapo mumwache nje, na mwingine pia mumwache nje, na mwangalie usoni.

Haya. Wewe ndiye Nyamizi, mtoto yuko mikononi mwako, jua hilo linatoka. Unamwitaje?